Spana ya Mkono wa Kushoto

Sokomatola, Mbeya
9 Mei 2023

Shemeji Obeid,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, ila baridi imeshaingia na Naima amekohoa wiki nzima. Tungekupigia simu, lakini mara ya mwisho ulikaa ukisema "halo, halo" kama mtu anayeita kuku, kisha ukakata. Masikio yako uliyaacha gereji, basi naandika.

Ndani ya kifurushi alichokuletea kondakta kuna spana. Ifungue, uishike kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Umeishika? Sasa nikueleze. Unajua Naima anauza spea kwenye duka la Iqbal pale Mwanjelwa. Dereva mmoja wa lori la mchele aliiacha kaunta, akasema ametumwa kutoka Ubaruku zitafutwe nati zinazoingia humo, naye atazipitia akirudi safari ijayo. Naima akaipindua, akaiona alama: mistari miwili mirefu na mmoja mfupi, iliyochongwa kwa tupa. Anaijua, kwa sababu amekua akiniona nikizipaka mafuta spana za baba yake kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani. Aliniletea nyumbani imefungwa kwenye kanga, ameibeba kama mtoto mchanga.

Shemeji, Ibrahimu alitoka humu ndani mwaka wa mvua za Elinino kwenda Usangu kufufua lori lililokwama. Naima alikuwa na miaka mitano. Hakurudi. Mwenye lori alisema kazi iliisha vizuri, gari likaondoka, fundi akabaki kutafuta usafiri wake. Wapo waliosema mafuriko yalimchukua. Wapo waliosema wamemwona ng'ambo ya Tunduma, ana mke na watoto. Nimelala na maneno hayo mawili miaka ishirini na tano, moja kila upande wa kitanda. Sijamsomea hitima, maana aliye hai hasomewi. Sijadai talaka, maana maiti hadaiwi talaka. Masheikh waliniambia mara nyingi niende nikafunguliwe ndoa, nikakataa. Hukumu ingenipa karatasi. Mimi nilitaka kujua.

Wewe ndiye uliyemfundisha kazi. Niambie kama mkono huu ni wake, na kama spana ni ya zamani au ya juzi. Nataka kujua mimi ni mke wa mtu au ni mjane. Sina swali jingine.

Mama Naima,
Mwanahawa


Kihesa, Iringa
15 Mei 2023

Shemeji Mwanahawa,

Waalaykum salaam. Kondakta alinishushia kifurushi akanipigia kelele sikioni, "Babu, mzigo mzito huu, umeagiza dhahabu?" Nikamjibu kwamba dhahabu ingekuwa imeshapotea njiani.

Nimeishika kama ulivyoagiza. Naima naye atasoma, basi nieleze ni kitu gani. Katika injini za dizeli za zamani, pampu ya nozeli hukaa ubavuni, na kati ya nati zinazoishikilia kuna moja iliyojificha nyuma yake. Kiwandani walikuwa na kifaa chao cha kuifikia. Sisi hatukukiona hata kwa picha. Spana iliyonyooka haifiki. Kwa hiyo fundi huchukua spana ya ringi, huichoma mpaka iwe nyekundu, huikunja mara mbili iwe kama shingo ya bata, huijaribu kwenye nati, huirudisha motoni, huijaribu tena. Hakuna vipimo vilivyoandikwa popote. Kipimo ni mkono wa anayeikunja. Ndiyo maana spana ya namna hii mafundi hawaazimani. Ukiazimwa ya mwenzako, unajikwaruza vidole siku nzima na nati haikai.

Ibrahimu alikuwa mashoto. Mkunjo wake wa pili ulilala upande mmoja, kidogo tu, na ukiushika kwa mkono wa kulia kiwiko hupanda juu kama cha mtu anayejikinga asipigwe. Hii niliishika kwa kulia, ikakataa. Nikaihamishia kushoto, ikatulia. Nilijikuta nakiambia chuma, "Umechelewa." Mwenye nyumba wangu, Mama Benedicta, alikuwa akipita na ndoo.

"Kamwene, babu. Leo unagombana na spana?"

"Huyu ni mgeni wangu," nikamwambia.

"Mgeni hagombezwi. Mpe chai."

Nimeiweka mezani. Kila nikiingia chumbani naiona mimi kwanza, halafu naona kama na yenyewe imeniona.

Shemeji, nipe muda, na ikiwezekana uliza fundi mwingine pia. Katika jambo hili mimi si mwamuzi wa kutegemewa. Nilizaliwa Pangani, nikawa mtu Mbeya, na nimekuwa mzee huku Iringa ambako hadi leo wananiita mgeni wa Kihesa. Sababu ya kuhama kwangu mara ya pili unaijua kuliko mtu yeyote.

Wako,
Obeid


Sokomatola, Mbeya
20 Mei 2023

Shemeji Obeid,

Sikukutumia spana ili unitumie historia ya maisha yako.

Sababu naijua. Ibrahimu alikuwa hajaonekana kwa miaka mitatu. Ulimtuma Mzee Mrisho, akakaa barazani kwangu, akakohoa, akamaliza chai yote ya kwenye chupa, ndipo akasema kuna mtu wa heshima anauliza kama nyumba hii ina nafasi. Nikamjibu, "Mwambie mimi ni mke wa mtu." Haukupita muda ukafunga gereji ukahama. Hayo yote nayajua, na ndiyo sababu nimekupelekea wewe.

Mafundi wa Mwanjelwa watanipa jibu la kunipendeza, kisha wataniomba soda. Wewe ukiniambia amekufa, nitajiuliza kama kilichosema ni chuma au ni moyo wako. Lakini ukiniambia yu hai nitaamini papo hapo, maana hakuna mtu anayesema uongo wa kujifungia mlango mwenyewe.

Naima amesoma juu ya bega langu akasema, "Mama, hapo umemfunga baba mkubwa miguu na mikono." Nimemwambia akapike.

Nasubiri.

Mwanahawa


Kihesa, Iringa
26 Mei 2023

Shemeji Mwanahawa,

Nimeipeleka mlangoni kwenye mwanga, nimeisugua kwa mafuta ya taa, nimevaa miwani ya kusomea. Nakuandikia nilichokiona.

Alama ni yake. Mkunjo ni wake, unalala vilevile kushoto. Hata nundu katikati ya mpini lipo. Sijui kama unakumbuka: spana yake ilivunjika pale alipokuwa bado kwangu, akaichomelea mbele ya macho yangu, pakabaki nundu ambalo nilimgombeza kila siku alisage na hakulisaga.

Na chuma si cha zamani. Spana aliyoikunja ni ya hizi nyeupe za kung'aa zinazouzwa siku hizi. Wakati ule hazikuwepo. Kwenye mkunjo bado iko ile buluu ya moto, inayofanana na shingo ya njiwa, na mikono haijaifuta. Sidhani kama imefanya kazi zaidi ya msimu mmoja.

Kwa hiyo mkono huu ulikuwa hai mwaka jana. Ibrahimu yu hai.

Nimeliandika neno hilo, nimelisoma tena, na sijalifuta.

Obeid


Sokomatola, Mbeya
3 Juni 2023

Baba mkubwa, shikamoo.

Mama hajui kwamba naandika. Aliisoma barua yako amesimama, akaikunja, akaendelea kupepeta mchele. Nikasema labda hajaielewa. Asubuhi nikamkuta ametoa lile sanduku la spana za baba, zile anazozipaka mafuta, amelimwaga lote nje chini ya bomba linalovuja.

"Mama, zitashika kutu!"

"Zishike. Mwenyewe yu hai, atajinunulia nyingine." Kisha akasema, "Nimemwombea miaka yote maji yasimle, kumbe mwenzangu yuko Ubaruku anakula wali."

Nilicheka, baba mkubwa. Nilijuta, lakini nilicheka, na yeye akacheka, halafu akaingia bafuni akafungulia maji na hakuyafunga mpaka nilipogonga mlango.

Jumamosi ya tarehe 10 tunakwenda. Anataka talaka yake mkononi, mbele ya mashahidi. Amesema hataki hata kiti cha kukalia, ataipokea amesimama. Mimi sijui nitafanya nini. Baba ninayemkumbuka ni harufu ya dizeli na sauti ya mtu anayeimba akiwa chini ya gari. Nikimwona, nimwamkie au nimpite?

Kama una neno, mwandikie kabla ya siku hiyo. Wewe anakusikiliza, ingawa anakufokea.

Mwanao,
Naima


Kihesa, Iringa
10 Juni 2023

Shemeji Mwanahawa, na wewe Naima,

Msiende.

Barua ya Naima nimeipata leo. Kondakta alisahau kuishusha Iringa, ikaenda hadi Ilula, ikarudi na wachuuzi ndani ya tenga la nyanya. Mama Benedicta amewapigia simu zote mbili tangu alfajiri, hazipatikani. Najua mmeshaondoka. Naandika hivyo hivyo.

Nilikosea. Baada ya kuwaandikia niliendelea kukaa na ile spana, na kadiri nilivyoitazama ndivyo hasira ilivyonipanda. Yu hai, na hakusema neno kwa mtu yeyote. Jana nikaibana kwenye meno ya jiliwa, nikachukua tupa, nikaanza kulisaga lile nundu ambalo aligoma kulisaga yeye. Chini yake nilitegemea kukuta mahali ilipovunjika. Sikukuta. Nilikuta mng'aro wa kiwandani na maandishi ya kiwandani, yamenyooka toka mwanzo hadi mwisho, hayajakatika hata herufi moja. Spana hii haijawahi kuvunjika. Kuna mtu ameichomelea kovu ikiwa nzima.

Fundi anayeunga spana yake anajua nundu ni aibu ya kiungo. Anayeliweka kwenye chuma kizima ni yule ambaye hakuiona ikivunjika. Ana ile ya zamani mkononi, anaiiga kila kitu, na anadhani nundu nalo lina kazi yake. Alama ameiiga. Ushoto ameuiga. Mkono huu si wa Ibrahimu.

Sijui sasa kama yu hai au hayupo. Ninachojua ni kwamba niliwaambia nisichokijua. Mkifika, msimfokee mtu. Ulizeni kwanza.

Obeid


Sokomatola, Mbeya
14 Juni 2023

Shemeji Obeid,

Barua yako niliikuta imesukumwa chini ya mlango tuliporudi. Imechelewa, na sijui kama ingenizuia. Nitakueleza kwa utaratibu, usiruke mistari.

Ubaruku tulishuka saa za adhuhuri. Mashine za mpunga ziko nyingi, kila moja inanguruma na vumbi lake. Naima alikuwa na picha ya ile spana kwenye simu, anaonyesha huku na huku. Mtu wa tatu akasema, "Hiyo ni ya kwa Bujiku, Wasukuma wa kule mwisho wa mfereji." Tukapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno yangu.

Tulikuta banda la mabati, injini imefunguliwa, msichana amelala chini yake miguu tu nje. Nikasema kwa sauti ambayo wewe mwenyewe ungeisikia:

"Mtoeni huyo mwanamume! Mwambieni mkewe amekuja kuchukua talaka yake!"

Msichana akatoka, uso mweusi kwa oili. "Mama, mwanamume gani? Hapa fundi ni mimi."

"Namtaka aliyetengeneza spana hii." Naima akamwonyesha.

"Ni mimi. Naitwa Roza. Dereva alisema ameiacha dukani, nilijua imeibwa."

"Mwongo! Wewe ni mashoto?"

"Hapana." Akaonyesha mkono wa kulia. "Na hiyo spana inanitesa mama, acha tu. Nikiishika, mkono unageuka wenyewe, kama kuna mtu ananielekeza. Lakini ndivyo ya kwanza ilivyo, nami niliiiga kabla haijakatika. Hata hilo nundu nimeweka. Si ndipo kinapokaa kidole gumba?"

Alikwenda kwenye sanduku, akatoa ya kwanza. Shemeji, sikuhitaji fundi. Niliwahi kupigiwa kelele kwa spana ile, nilipoitumia kugongea msumari wa kutundikia picha. Imeliwa, imekuwa nyembamba kama kijiko cha zamani. Nikamuuliza kaitoa wapi. Akanitazama mimi, akamtazama Naima usoni, kisha akaenda kumwita baba yake.

Bujiku ni mtu mzima sasa, ana mvi. Alikuja amevua kofia. Hakuniuliza mimi ni nani. Alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mmekuja. Baba yangu alikufa akiwasubiri."

Ndivyo alivyonieleza. Mwaka ule walikuwa wanahama kutoka Usukumani, ng'ombe kwa miguu, wazee na vyombo kwenye lori, na lori ndilo lile lililokwama. Ibrahimu alikuja akalala topeni chini yake mvua ikinyesha, mpaka likawaka. Dereva akakimbiza gari kabla maji hayajafunga njia. Fundi akabaki kwao kusubiri mvua ipungue, na homa ikampata palepale. Pande zote maji. Walimpa walichokuwa nacho. Hakumaliza wiki.

Wakabaki na maiti, shemeji. Wageni, hawajapata hata mahali pa kufunga ng'ombe, Kiswahili chenyewe cha kubahatisha, na mtu wa mjini amefia mikononi mwao. Walidhani wakisema watafukuzwa bondeni, au watafungwa. Baba yake Bujiku akachinja dume, wakamzika fundi ndani ya ngozi ya dume hilo kama wanavyomzika mwenye boma. Wakanyamaza. Walisema, watu wake wakija tutawaambia. Waliokuja kutafuta waliishia Igawa na Rujewa, hawakufika kwenye mahema ya wafugaji.

Nikamwambia, "Nitajuaje kama ni yeye? Spana huokotwa."

Akaangalia chini. Akasema kwamba yeye wakati ule alikuwa kijana, ndiye aliyewekwa kukaa na mgonjwa, na mgonjwa alikuwa akiita jina moja, analiita kama mtu anayeomba afunguliwe mlango. Nikamuuliza jina gani.

"Mwanahawa," akasema.

Sikuwa nimewaambia jina langu. Naima ananiita mama.

Kaburi liko katikati ya majaruba yao. Wamelizungushia tuta, na kila msimu wanaliinua ili maji yasiingie, hata limekuwa kama kisiwa. Mpunga ulikuwa umevunwa. Roza alinieleza kwa aibu kwamba kila mwaka kabla ya kuwasha mashine kwa mara ya kwanza, mmoja wao huenda pale kumsabahi Fundi, maana ndivyo wanavyomwita; bibi yake alisema wasipomsabahi injini haiwaki. "Tunajua ninyi Waislamu hamfanyi hivyo," akasema. "Lakini tulikuwa hatumjui jina."

Nimewapa jina. Naima alikaa chini kwenye tuta, akawaimbia wimbo aliokuwa akiimba baba yake chini ya magari. Mimi nilikuwa nimeusahau.

Nilikwenda kuchukua talaka. Nilikuwa nimevaa vizuri ili anione sikuchakaa.

Mwanahawa


Kihesa, Iringa
19 Juni 2023

Shemeji Mwanahawa,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwenyezi Mungu amrehemu Ibrahimu. Nimemswalia hapa Kihesa, na watu wa msikitini waliuliza amekufa lini. Nikawaambia, mwaka wa Elinino.

Uliandika kwamba ukisikia kwangu yu hai utaamini, kwa kuwa jibu hilo linanifungia mlango. Na mimi niliamini kwa sababu hiyo hiyo. Nilijiogopa. Kila ishara ya kuwa amekufa niliitilia shaka nikisema hiyo ni tamaa yako, mzee. Kila ishara ya kuwa yu hai niliipokea bila kuihoji, kwa vile ilikuwa inaniuma. Nundu nililiona siku ya kwanza. Chuma kipya chenye kovu la zamani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza. Sikuuliza. Nilidhani kinachouma ndicho cha kweli. Kwa ajili hiyo ulisimama mbele ya watu ukamdai talaka mtu aliyekufa akikuita. Sitakuomba unisamehe kwa barua.

Nimekuwa nikifikiria jambo moja. Miaka yote niliyokuwa namwonea wivu mtu wa Tunduma, mwenye mke mpya na watoto, mtu huyo hakuwepo. Nilimtengeneza mwenyewe. Nilimpa nyumba ya bati, nikampa na kitambi. Sasa ameondoka, na chumba hiki kimekuwa kikubwa kuliko nilivyokizoea. Wa kweli alikuwa bondeni akimfundisha kazi msichana ambaye hakuwahi kumwona, na msichana akaikubali kila aibu yake kama sehemu ya somo.

Spana namrudishia Roza kwa dereva wa mchele. Nimemkunjia na nyingine, ya mkono wa kulia. Sijui kama ataitumia.

Niarifu siku ya hitima. Na niarifu eda yako inaisha lini, ili nisiwe nakuandikia wakati usiofaa.

Obeid


Sokomatola, Mbeya
2 Julai 2023

Assalaam alaykum.

Hitima tuliisoma juzi, Ijumaa baada ya swala. Iqbal alifunga duka akaja na wafanyakazi wake wote. Bujiku alikuja na Roza na gunia la mchele, wakakaa nyuma kabisa kama watu waliokuja kuhukumiwa, mpaka Naima alipokwenda kuwavuta mikono. Watu waliuliza hawa ni nani. Naima akajibu, "Hawa ni wenye msiba."

Kuhusu eda. Nilikuwa nimeshatayarisha kila kitu: nguo, chumba cha ndani, mtu wa kunifanyia soko. Nilikuwa naisubiri, nikuambie kweli. Wanawake wote wa mtaa huu waliofiwa nimewaona wakikaa, watu wanaingia kwa sauti ya chini, wanaletewa uji. Nikasema na mimi sasa zamu yangu imefika. Sheikh alikuja, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Bibi, eda huhesabiwa toka siku aliyokufa mume, si toka siku habari zilipofika. Ulikuwa hujui, lakini siku zilikuwa zinakwenda. Yako iliisha mwaka ule ule."

Aliniambia kwa upole, kama mtu anayeleta nafuu. Alipotoka nilikaa na nguo zangu nyeupe mapajani.

Nimekuwa nikiyapanga upya mambo yangu kwa hesabu hiyo. Wakati nazipaka mafuta spana, nilikuwa mjane. Nilipowafukuza wanawake waliokuja na habari za Tunduma, nilikuwa mjane. Na Mzee Mrisho alipokaa barazani akamaliza chai yangu, nikamwambia akakwambie mimi ni mke wa mtu, haikuwa kweli. Nilikuwa huru kama msichana, eda imekwisha zamani. Wewe ulifunga gereji, ukahamia kwa watu wasiokujua, ukazeeka huko, kwa ajili ya jibu ambalo halikuwa na mwenyewe.

Sikulaumu, na mimi usinilaumu. Tulikuwa tunamchunga mtu, wote wawili, kila mmoja kwenye mji wake.

Siko kwenye eda. Nimekaa ndani siku chache hata hivyo, kwa hiari yangu, bila ruhusa ya mtu, kisha nimetoka. Leo nimekwenda sokoni, nimenunua maharage, nimesalimiana na watu. Hakuna aliyejua kwamba aliyepita ni mtu mpya.

Umeona hapo juu sikukuita shemeji. Nilianza kuliandika nikaliacha. Shemeji hupatikana kwa mume, na mimi sina mume, sikuwa naye muda wote nilipokuwa nakuita hivyo. Kaka hukuwa. Jina lako tupu sijawahi kulitamka mbele yako, na katika umri huu sijui litatokaje. Kwa hiyo barua imekwenda bila kukuita.

Njoo Mbeya. Siahidi jambo, na wewe usimtume mtu. Njoo mwenyewe, usimame mlangoni, tuone nitakuitaje.

Mwanahawa binti Athumani